Msemaji wa Tatu

Jengo zima linamwita Bi Nukta. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara peke yao, na hata wao nimewahi kuwasikia wakiulizana, hivi Nukta anaitwa nani? Jina hilo alilipata kazini. Kazi yake ni kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa majumbani mwao na kuandika kila kitu, neno kwa neno, pamoja na kukohoa, kucheka, kuguna na kunyamaza. Mtu akinyamaza nusu sekunde, Bi Nukta anaweka nukta moja. Akinyamaza sekunde nzima, nukta mbili. Ikizidi hapo anaandika muda kamili kwa tarakimu. Ukichungulia karatasi zake utadhani nzi wametembea juu yake.

Mimi ni tarishi wa ghorofa yake, ya tatu, katika jengo hili la chuo. Nafagia, napeleka barua, nachemsha chai ya saa nne. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya wasomi nayaeleza kama nilivyoyasikia nikiwa na ufagio mkononi.

Mkubwa wetu wa utafiti ni mwanamke mdogo kwa umri kuliko sote, mwembamba, anayetafuna karanga akisoma. Tunamwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kumuuliza anatafuta nini hasa katika mazungumzo ya watu wanaogombania rimoti ya televisheni. Aliacha kusoma, akanivutia kiti. Akasema watu wakiongea wanapokezana haraka mno, huyu anaanza kujibu kabla yule hajafunga mdomo, maana alishajua sentensi inaelekea wapi. Kwa hiyo akili mbili zinakuwa zimeshikana mikono bila wenyewe kujua. Yeye alitaka kuona inakuwaje kwa mume na mke, kwa mama na mtoto, kwa ndugu wa tumbo moja. Je, wao wanajibizana haraka zaidi? Na jibu likichelewa, anayesubiri anasoma nini katika ule ukimya?

"Mzee," akaniuliza, "ukimwomba mtu kitu, akakawia kidogo tu kujibu, wewe unafikiri nini?"

Nikasema nafikiri amekataa. Akacheka, akasema kuna watu wameandika vitabu vizima juu ya hilo jibu langu. Siku hiyo nilifagia ngazi mara mbili kwa furaha.

Sauti zenyewe zinapatikana hivi. Familia ikikubali, mimi nawapelekea kinasa sauti kidogo kama kiberiti, wanakiweka mezani siku saba. Siku mbili za kwanza wanaongea kama wako redioni. Siku ya tatu wanakisahau, na hapo ndipo Daktari anapopataka. Kila nyumba ina namba. Namba fulani ni mlango gani tunajua mimi na Daktari tu. Mimi nimeandika kwenye kidaftari changu na nakifungia kabatini. Bi Nukta anapewa sauti na namba, basi. Sote tumesaini karatasi ya masharti, na sharti la sita linasema kwamba anayenukuu akitambua sauti ya mtu anayemjua, aache hapohapo na arudishe faili kwa Daktari. Kwa miaka sita Bi Nukta alikuwa amerudisha faili mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa sauti ya fundi wake wa cherehani. Mara ya pili ilikuwa ya jirani, na alivua vile visikilizio vyake mbio kama vimemuunguza masikio.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, anayevaa sweta hata wakati wa joto kwa sababu chumba chake kiko upande usiopata jua. Anaishi peke yake, chumba na sebule, nyuma ya gereji. Mume alikuwepo, akaondoka, na akaondoka kweli. Mtoto hakujaliwa. Ukiongea naye anakutazama mdomo, na mm yake inafika kabla hujamaliza, unajisikia kama mtu wa maana sana. Watu wa ghorofa ya pili wanasema ukiwa na siri usimsalimie Bi Nukta, atakusikia tumbo likinguruma na kujua umelala bila kula.

Habari za dada yake nilizipata vipande vipande, kama kipande kimoja kwa mwaka, wakati wa chai. Ni dada mkubwa, amempita miaka minne, na walilala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoolewa. Mama yao alipougua, Bi Nukta ndiye aliyemuuguza miezi tisa, dada akiwa mbali kikazi. Dada alifika siku ya maziko, amechelewa, begi bado liko begani. Bi Nukta alikuwa hajala siku mbili wala hajalala. Akamwambia mbele ya watu wote, "Umekuja kuhesabu mabati ya nyumba ya mama?"

Dada yake hakumjibu. Hakumjibu siku hiyo na hakumjibu tena. Alihama, akabadilisha namba ya simu, akawaambia ndugu wasiitoe. Bi Nukta alipozunguka kwa ndugu kuuliza, walimkaribisha chai na kuongelea mvua. Shangazi mmoja tu ndiye aliyemwambia, mzima, binti yake amekua, mwache kwanza. Hiyo kwanza ilikuwa imefikisha miaka kumi na moja.

"Angenitukana," aliniambia siku moja, akikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Angenitukana tungekuwa tumemalizana palepale."

Basi likaja faili namba ishirini na saba.

Saa moja ya mazungumzo humchukua Bi Nukta siku nzima kuandika. Hii ilimchukua siku tatu, akaomba na ya nne. Chini ya meza yake kuna kikanyagio, ukikanyaga sauti inakwenda, ukiachia inasimama, ukigonga kwa kisigino inarudi nyuma. Nilikuwa nafagia korido nasikia kisigino tu. Ta. Ta. Ta. Nikadhani kifaa kimeharibika. Nilimpelekea chai ya saa nne nikakuta ya jana yake iko palepale, imeota ngozi juu.

Siku ya tatu alinisimamisha mlangoni. Akauliza, "Ishirini na saba ulipeleka wewe?"

Nikasema nilipeleka. Mdomo wake ukafunguka. Kisha akanyanyua kiganja, kama mtu anayesimamisha gari. "Usiniambie chochote."

Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Mimi si mtu wa kuuliza. Nilichukua vikombe viwili vya chai iliyopoa nikaenda kuvisafisha.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa ndani ya ofisi ya Daktari, nimepanda ngazi natengeneza rafu iliyolegea, alipomwita Bi Nukta. Nilitaka kutoka, Daktari akanionyesha kwa mkono niendelee na misumari yangu. Alikuwa na karatasi za ishirini na saba mezani. Kawaida yake hapitii kila ukurasa, anachagua zile sehemu ambazo watu wamekaa kimya kwa muda mrefu na kuzisikiliza mwenyewe. Akasema nyumba hii ina watu wawili, mama na binti, na ndivyo ilivyoandikwa, msemaji wa kwanza na msemaji wa pili. Lakini ukurasa wa kumi na tisa una msemaji wa tatu. Amesikiliza mara nne, hajamsikia.

"Bi Nukta, huyu wa tatu ni nani?"

Nilishika nyundo hewani. Bi Nukta alitazama ile karatasi. Najua alizihesabu sekunde zake mwenyewe, ni mtu wa kuhesabu.

"Ni mimi," akasema.

Daktari alimsogezea kiti, na hapo ndipo maneno yalipotoka yote. Msemaji wa kwanza ni dada yake. Aliijua sauti kwenye neno la kwanza kabisa, na neno lenyewe lilikuwa sogea. Alijua inampasa kuacha. Akajiambia amalizie sentensi hiyo, halafu dakika hiyo, halafu ukurasa. Mama na binti walikuwa wanapanga harusi ya binti, itakayofanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wanataja watu wa kualika mmoja mmoja na mama anajibu upesi, huyu ndiyo, huyu hapana, huyo mpashe habari akija aje. Ndipo binti akauliza, "Na mama mdogo?" Mama mdogo katika ukoo huo ni mmoja tu.

Dada yake akanyamaza. Bi Nukta aliupima ukimya huo mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Sekunde nne na sehemu tatu za kumi. Kisha dada akasema, "Chai itapoa," na wakaenda kwa majina mengine.

Kila alipofika hapo, Bi Nukta alikuwa anaandika jibu ndani ya ule ukimya, kwenye kompyuta, kisha analifuta na kurudisha sauti nyuma. Aliandika maneno mengi siku hizo nne. Ya kuomba radhi, ya kulaumu, hata ya matusi. Aliyafuta yote isipokuwa jibu moja alilolisahau. Daktari aligeuza karatasi ili lionekane, nami nikalisoma nikiwa juu ya ngazi. *Msemaji wa 3: Niiteni. Nitakuja hata kuosha vyombo.*

Daktari hakupandisha sauti. Alisema angeweza kusamehe kosa la kuandika, lakini hili la kusikiliza hawezi, kwa sababu watu wa ile nyumba walikubali kusikilizwa na mgeni. Bi Nukta akasema anajua. Daktari akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kwa nini hukuniletea?"

"Ningekuletea ningekuwa nimemfukuza tena," akasema Bi Nukta.

Utaratibu ulikuwa umeandikwa na haukuwa na pa kupenya. Bi Nukta aliondolewa kwenye unukuzi, akahamishiwa kupiga chapa mitihani katika chumba cha pili. Alikatazwa kutumia lolote alilolisikia, maana yake harusi ile asiijue. Na familia ilipaswa kuarifiwa kwa barua kwamba mfanyakazi mmoja ameitambua sauti yao, bila kumtaja. Barua hiyo inakwenda na fomu yenye visanduku viwili, sauti ibaki au sauti ifutwe. Mpelekaji wa barua ni mimi. Daktari alinikalisha chini akanifundisha sentensi moja, nikiulizwa chochote niiseme hiyo: Mama, kwa maswali yote piga namba iliyo chini ya barua. Niliikariri njia nzima.

Sitaeleza nyumba iko wapi. Sebule ilikuwa imejaa viti vya kukodi vimepandana, na cherehani dirishani, na mapazia yaliyokunjwa mpaka karibu na dari, kwa kuwa yule mama anashona mapazia. Nilipompelekea kinasa sauti mwanzoni sikumwangalia vizuri, mimi huwa naangalia miguu ya watu. Sasa nilimwangalia. Alikuwa mrefu, hakufanana na Bi Nukta hata kidogo, mpaka alipoanza kusoma. Aliisoma barua midomo ikicheza, kidole gumba kimebana kona ya karatasi. Nimeuona huo ushikaji wa karatasi kila siku kwa miaka sita.

Alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Huyu mfanyakazi wenu ni mwanamke?"

Sentensi ninayo. Iko mdomoni. Haikutoka. Nilitazama miguu yangu, nikatazama viti, na muda ukapita.

"Basi nimeelewa," akasema. Alivuta kiti kimoja kutoka kwenye lile rundo, akakaa. Kisha akauliza polepole, "Amenenepa au amekonda?"

Hapo ndipo sentensi ikatoka. "Mama, kwa maswali yote piga namba iliyo chini ya barua."

Akacheka kidogo kwa pua, si kwa furaha. Alichukua kalamu ya chaki anayochorea vitambaa, akaona haifai, akatafuta peni. Aliweka alama kwenye kisanduku cha ifutwe. Nilidhani ataishia hapo. Akanipa fomu huku akisema, kama anayezungumza na ile cherehani, "Amenisikia sijajitayarisha. Haifai."

Sauti ilifutwa siku ya pili yake, Daktari akibonyeza, Bi Nukta akishuhudia na kutia saini. Nilikuwepo kwa sababu mashahidi wanatakiwa wawili. Kwenye kompyuta ilikuwa mstari mmoja tu wenye namba, ukatoka. Bi Nukta alirudi kwenye mitihani yake. Mchana akanijia jikoni, akashika mlango.

"Alisema lolote?"

Nikamjibu kwamba fomu ndiyo hiyo aliyoiona. Akasema mm, upesi, kama kawaida yake, na akashukuru. Nimekuwa na miaka mingi ya kukaa kimya na sijawahi kuichukia tabia hiyo kama siku ile. Niliogopa karatasi niliyosaini. Niliogopa pia kwamba nikisema nitasema vibaya, nitaongeza au nitapunguza, na yeye angesikia.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wapaka rangi walikuwa wanamalizia ngazi za jengo letu, kwa hiyo nilikuja kuwafungulia. Saa tatu asubuhi akapanda Bi Nukta. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, la rangi ya samli, na viatu vya kisigino ambavyo sijawahi kumwona navyo, na amejipaka poda. Akaniambia amekuja kumalizia mtihani wa jiografia. Nikamfungulia chumba.

Hakuwasha kompyuta. Nilipita mara ya kwanza na ndoo, nikapita mara ya pili bila ndoo. Alikuwa amekaa ameshika mkoba mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Ilipofika saa nane alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya meza, akaniita, akaniomba chai.

Nilileta vikombe viwili. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha chumba hicho, siku hiyo nikakaa.

"Aliniuliza kama umenenepa au umekonda," nikasema.

Bi Nukta aliweka kikombe chini. Alinitazama mdomo, akisubiri kama kuna kingine nyuma yake. Hakikuwepo.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia apige simu ofisini."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akaniambia, wewe mwanamume, wewe mwanamume, ndugu yangu amekuuliza kitu kimoja katika miaka kumi na moja na wewe unampa namba ya simu. Poda ikachuruzika na machozi. Nilimpa kitambaa changu cha kufutia meza, kilikuwa safi. Kisha akataka nimwambie tena alivyouliza. Amesimama au amekaa? Alianza na kunenepa au alianza na kukonda? Alikawia kabla ya kuuliza? Nikamwambia alikawia kidogo. Kiasi gani? Nikamwambia Bi Nukta, mimi ni mtu wa ufagio.

Harusi ilipita. Zilipita wiki tatu nyingine. Jumatatu moja, saa nne, simu ya ofisi ikalia nami nikaipokea kwa kuwa nilikuwa karibu. Sauti ya mwanamke ikasema anapiga namba iliyo chini ya barua. Akasema, "Nipe yule mtu wenu." Sikumuuliza yupi. Nilikwenda nikamwita Bi Nukta, nikamwachia simu, nikafunga mlango na kubaki upande wa korido. Kilichosemwa mwanzoni sikukijua. Baadaye nilimsikia akisema goti lake la kushoto ndilo linalosumbua, la kulia ni zima.

Tangu hapo simu inalia kila Jumatatu. Bi Nukta anakuwa amekaa karibu nayo tangu saa nne kasoro robo, anajifanya anachonga penseli. Wanaongea magoti, wanaongea vitambaa vya pazia vya siku hizi visivyostahimili kufuliwa, wanamwongelea binti aliyeolewa na kuhamia mji mwingine. Daktari amepita hapo mara kadhaa na hajaandika chochote kwenye daftari lake, ingawa namwona anavyotamani. Mama yao hawajamtaja. Maneno ya msibani hawajayagusa. Dada hajamwambia aje, na Bi Nukta hajaomba. Nyumba iko wapi hajui. Mimi najua, naye anajua kwamba najua, na hajawahi kuniuliza. Nikiwa na barua za upande ule nazunguka kwa barabara ya juu, nisije nikakutana na yule mama akanituma neno.

Wiki mbili zilizopita dada yake alimwambia kwamba ana nyanya uani, ameotesha ovyo tu na zimezaa, ni nyingi mno kwa mtu anayekaa peke yake. Bi Nukta akasema kweli, ni nyingi. Dada akasema zinaoza. Bi Nukta akasema ni aibu zikioza. Simu ikakatika na yeye akabaki ameishikilia sikioni.

Siku ya pili yake alinijia jikoni, akaniuliza kama nina mfuko imara. Nikampa ule mkubwa wa sokoni, wenye mikono miwili. Aliukunjua, akaujaribu kwa kuuvuta, akauning'iniza kwenye kitasa cha mlango wa chumba chake kwa ndani. Nafagia hapo kila asubuhi. Bado unaning'inia.